Injini Kuukuu na Treni Iliyokwama

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa parokia za pembezoni mwa Temeke na Kinondoni



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya haki katika usafiri wa umma. Tumeona vema tuanzie mahali ambapo pengine hamkupatazamia, yaani kwenye injini ya treni ya dizeli, ile ya zamani yenye moshi na kelele, ambayo wengi wetu tunadhani kazi yake imekwisha. Tumefanya hivyo kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mzee mmoja wa huku kwetu Temeke.

Tulikuwa tumekwenda kumpelekea Komunyo nyumbani, maana miguu haimruhusu tena kufika kanisani. Mzee huyu alikuwa fundi wa reli tangu miaka ya sabini. Siku hiyo mjukuu wake alikuwa amerudi kutoka Dodoma kwa treni ya umeme, ile ambayo watu wameipa jina la mchongoko kwa ajili ya pua yake, naye alisimulia kwa furaha jinsi miti ilivyokuwa ikikimbia dirishani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, umeme ukikatika huko porini, nani anakuja kuwavuta?" Kijana akacheka. "Babu, siku hizi mambo yote ni kompyuta." Mzee akatugeukia sisi. "Padre," akasema, "kompyuta haivuti behewa."

Tulirudi nyumbani na swali hilo. Leo tunawaletea ninyi.

1. TULIKOTOKA NA TULIPOFIKA

Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka mingi garimoshi lilivutwa na injini za mvuke, kisha zikaja injini za dizeli. Reli ya TAZARA, inayopita katika vitongoji vyetu vya Temeke, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo tangu mwanzo ilitumia dizeli.

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 29 Oktoba 2012, siku treni za abiria za ndani ya jiji zilipoanza. Moja ilitoka Stesheni kwenda Ubungo, ambako wakati ule kulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Nyingine ilipita kwenye reli ya TAZARA kuwahudumia watu wa pembezoni. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Mabehewa yalikuwa ya zamani na vichwa vya treni vilikuwa vya zamani. Hata hivyo mama aliyeuza samaki, mwanafunzi aliyesukumwa na makonda mlangoni mwa daladala, na kibarua wa viwandani, wote walipata mahali pa kusimama na kufika. Chuma kuukuu kiliwatumikia watu ambao vyombo vipya vilikuwa vimewaacha kituoni.

Kisha ikaja reli ya kisasa. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Aprili 2017. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na zile za Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Mwezi Novemba 2024 mchongoko nao ukaanza kubeba abiria. Treni hizi zimeundwa kwenda kilometa 160 kwa saa, na safari ya Dodoma, ambayo kwa reli ya zamani ilikula mchana au usiku mzima, sasa ni ya saa chache tu. Ni kazi ya kujivunia. Hatukusimama hapa kuibeza.

Lakini mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likawaomba abiria radhi. Baadaye, katika kueleza hitilafu za namna hiyo, Shirika lilitaja wanyama na ndege wanaogusa nyaya, wakiwemo ngedere na bundi. Nchi nzima ikacheka. Mtaani watu wakatunga vichekesho, na bundi, ambaye tayari ana sifa mbaya kwetu, akaongezewa kosa jingine. Ukweli ni kwamba mnyama anayegusa waya anaweza kabisa kukata umeme. Jambo hilo hutokea hata katika nchi tajiri. Hitilafu yenyewe si aibu. Tungependa kujua zaidi kile kinachofuata baada ya treni kusimama.

2. TRENI YA UMEME IKIKOSA UMEME

Tueleze kwa lugha nyepesi. Treni ya umeme haibebi nguvu yake. Inaichota kutoka katika waya ulio juu ya reli, wenye umeme wa volti 25,000. Waya ukikosa umeme, treni yote inakuwa nyumba isiyo na jiko. Betri zilizo ndani huendelea kuwasha taa chache na kuendesha mawasiliano kwa muda, lakini hazina nguvu ya kusukuma treni. Kiyoyozi huzimika. Madirisha ya treni hizi hayafunguki kama yale ya mabehewa ya zamani, hivyo joto hupanda upesi, hasa katika nyanda zetu wakati wa kiangazi. Mtoto mchanga, mama mjamzito, mgonjwa anayekwenda hospitali, hao ndio wa kwanza kuumia.

Injini ya dizeli ni tofauti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba injini nyingi za dizeli nazo huenda kwa umeme: mtambo wa dizeli huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota zilizo kwenye magurudumu. Umeme wake unazaliwa ndani yake mwenyewe, kutokana na mafuta iliyoyabeba. Haiombi kitu kwa waya wala kwa Gridi ya Taifa. Ndiyo maana hata mahali ambapo reli zote zina umeme, wenye busara huweka pembeni injini ya dizeli yenye mafuta, dereva na fundi, ikisubiri siku ya shida.

Tena kuvuta treni iliyokwama si sawa na kufunga kamba kwenye gari bovu. Kiunganishi cha injini ya uokozi lazima kilingane na kile cha treni iliyokwama, au kiwepo kipande cha kuviunganisha. Breki za upepo lazima ziunganishwe au zifunguliwe kwa utaratibu, la sivyo treni itang'ang'ania reli, au mbaya zaidi, itateremka mlimani bila kizuizi. Mwendo lazima uwe wa polepole. Watu wanaoifanya kazi hiyo lazima wawe wameifanyia mazoezi mchana kweupe, kabla ya kuifanya usiku wa manane kwenye mvua.

3. WENGINE WAMEPITIA HAYA

Msidhani tunasema mambo ya nchi maskini. Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Virgin Trains ilipoleta treni mpya za umeme ziitwazo Pendolino, iliandaa pia injini za dizeli za kuziokoa. Hazikuwa mpya. Zilikuwa injini zilizoundwa miaka ya sitini, zikafanyiwa matengenezo makubwa karakanani, zikawekewa mitambo ambayo nayo ilikuwa imetumika kwingine na kutengenezwa upya, na mbele zikafungwa viunganishi vinavyolingana na vya Pendolino. Zilipewa majina ya waokoaji wa mchezo wa vikaragosi wa televisheni uitwao Thunderbirds, ambao nao ulitungwa miaka hiyohiyo ya sitini. Basi treni ya fahari kuliko zote ilipokwama, iliyokuja kuivuta ilikuwa mzee wa miaka arobaini.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 2009, treni tano za umeme za Eurostar zilikwama katika handaki linalopita chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Theluji laini ilikuwa imepenya ndani ya mitambo, na ilipokutana na joto la handaki ikawa maji na kuharibu vifaa vya umeme. Abiria zaidi ya 2,000 walikaa gizani na kwenye joto kwa saa nyingi, baadhi yao bila kupewa taarifa ya maana. Injini za dizeli za handaki zilitumwa kuvuta baadhi ya treni hizo. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuishia kwenye theluji. Ulionyesha pia kwamba maandalizi ya dharura na mawasiliano na abiria yalikuwa hafifu.

Na tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu katika Hispania na Ureno zote. Serikali ya Hispania ilieleza kwamba watu wapatao 35,000 waliokolewa kutoka katika treni. Nchi yenye mojawapo ya mitandao mirefu kuliko yote ya reli za mwendokasi duniani ilijikuta ikitegemea injini za dizeli kuvuta baadhi ya treni zake.

Mmeona, ndugu zetu. Mzee wetu wa Temeke, ambaye hajawahi kufika Ulaya, aliuliza swali lilelile walilouliza wataalamu wa Ulaya. Tofauti ni kwamba wengine waliliuliza baada ya watu kuteseka.

4. KWA NINI INJINI ZETU ZA ZAMANI HAZIWEZI KWENDA KUOKOA

Hapa mtu atasema, "Padre, injini kuukuu tunazo tele. Ziko kwenye reli ya zamani, ziko TAZARA. Si ziende zikavute?" Haziwezi. Jiji letu lina reli za aina tatu, na kila moja ina upana wake. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067. Reli ya kisasa ina milimita 1,435. Tofauti kati ya hizo mbili za kwanza ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia gurudumu lisipite. Injini ya reli ya zamani inaweza kusimama mita chache kando ya treni iliyokwama, ikiwa na mafuta na nguvu zote, isiweze kumsaidia mtu hata mmoja.

Kwa hiyo msaada kwa treni ya kisasa hauna budi kutoka katika reli hiyohiyo ya kisasa: injini inayojitegemea kwa nguvu, yenye upana uleule na kiunganishi kinachofaa, iliyowekwa mahali panapofaa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, isije ikachukua nusu siku kuwafikia walio katika mahandaki ya Kilosa. Wenzetu wa Kenya walichagua kuendesha reli yao ya kisasa kwa dizeli tangu ilipofunguliwa mwaka 2017. Sisi tulichagua umeme, na ulikuwa uchaguzi mzuri, kwani umeme ni nafuu kuuendesha na hautoi moshi njiani. Lakini kila uchaguzi una deni lake. Anayechagua umeme anadaiwa kufikiri juu ya siku ya giza.

5. TUPIME KWA HAKI

Wahenga walisema mambo mawili. Walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wakasema tena, usiache mbachao kwa msala upitao. Taifa linalojenga haliwezi kukaa na methali moja tu kati ya hizo.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanatuelekeza kupima kila kazi ya umma kwa kipimo cha mafao ya wote. Mafao ya wote hayapimwi siku ya uzinduzi, wakati ngoma zinalia na kila kitu kinang'aa. Yanapimwa siku mambo yanapoharibika, kwa kutazama nani anaachwa. Mwenye gari lake atatumiwa dereva barabarani. Mwenye simu kubwa na jamaa wakubwa atapata mtu wa kumpigia. Lakini mama wa Mbagala aliyenunua tiketi ya daraja la kawaida kwa fedha za mchezo wa upatu, ambaye anatakiwa kumfikisha mtoto hospitalini kesho asubuhi, huyo hana injini nyingine ya kumvuta. Kwake yeye, mpango wa uokoaji ni sehemu ya tiketi aliyoilipia.

Kuna dhambi ndogo ndogo tatu ambazo hutufikisha katika kukwama. Ya kwanza ni kudharau kilicho cha zamani. Tunakimbilia kuuza kwa bei ya chuma chakavu kitu ambacho kesho tutakihitaji. Tena tunawafanyia hivyo hata watu. Mzee wetu anajua kwa sikio tu kama mtambo unaumwa. Tangu astaafu, hakuna kijana wa mtaani kwake aliyemwuliza alichokijua. Na sisi mapadre wake tulimtembelea miaka miwili tukimwombea magonjwa tu, pasipo kumwuliza habari za kazi yake. Tukumbuke pia wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwemo wa reli, waliobaki wakidai mafao yao kwa miaka mingi baada ya Jumuiya ile kuvunjika mwaka 1977. Wengi walizikwa madai yao yakiwa bado njiani.

Dhambi ya pili ni kuficha hitilafu ili tusionekane tumeshindwa. Abiria anayeambiwa kweli, kwamba tumekwama, sababu ni hii, msaada umetoka mahali fulani na utafika saa fulani, anaweza kuvumilia mengi. Anayenyamaziwa gizani anaanza kuogopa, na hofu huvunja milango.

Ya tatu inatuhusu sisi wenyewe wa vitongojini. Mwaka 2024 iliripotiwa habari ya wizi wa nyaya za shaba katika reli ya kisasa. Nyaya hizo hununuliwa na mtu, huyeyushwa na mtu, na mara nyingi watu hao wana jirani anayewajua. Anayekata waya kwa ajili ya fedha ya siku moja anamkwamisha mama yule wa Mbagala kama vile amemfunga kwa mikono yake. Na anayenunua bila kuuliza mali imetoka wapi ameshika msumeno pamoja naye. Hatuwezi kudai haki kwa wakubwa huku tukifumba macho kwenye mizani ya chuma chakavu iliyo nyuma ya kigango chetu.

6. TUTENDE NINI?

Kwanza, tudai kwa adabu na kwa ujasiri. Viongozi wa walei wanao uwezo wa kuandika barua. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina wajibu wa kusimamia reli, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini kwa ajili ya kupokea sauti zetu. Tuulize mambo yanayoeleweka: Injini za uokozi zinakaa wapi? Zinachukua muda gani kufika sehemu iliyo mbali kuliko zote? Mazoezi hufanyika mara ngapi? Abiria wanapewa maji baada ya muda gani? Mtu anayeuliza hivyo si adui wa maendeleo. Fundi mwema hufurahi kuulizwa juu ya breki.

Pili, tuwaheshimu wanaotunza. Nchi yetu hushangilia anayejenga na kumsahau anayepaka grisi. Katika jumuiya zetu wamo mafundi wa reli, wa umeme na wa karakana, wengine wastaafu. Tuwaite wazungumze na vijana wetu wanaosomea ufundi. Ujuzi usiorithishwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Tatu, tukate mnyororo wa wizi. Kila kamati ya haki na amani ya kigango izungumze na wanunuzi wa vyuma chakavu walio katika eneo lake, kabla polisi hawajazungumza nao.

Nne, tujiandae sisi wenyewe safarini. Msafiri abebe maji na dawa zake. Treni ikisimama, asifungue mlango wala kushuka relini pasipo kuelekezwa, kwani umeme waweza kurudi wakati wowote, na treni nyingine yaweza kupita reli ya pili. Na aliye na nguvu amtazame aliyeketi karibu naye. Kabla injini haijafika, jirani yako ndiye uokozi wa kwanza.

MWISHO

Wapendwa, wiki iliyofuata tulirudi kwa mzee wetu. Tulimkuta mjukuu ameketi mkekani karibu na kitanda, ana daftari, babu yake anamchorea jinsi bomba la upepo la breki linavyopita toka behewa hadi behewa. Kijana alikuwa akiuliza, na mzee alikuwa akijibu. Tulimpa Komunyo, tukasali pamoja, na wakati wa kuaga akatushika mkono. "Padre, mmewauliza?" Tukamjibu, "Bado, Mzee wetu. Tunakwenda kuwauliza pamoja na walei." Akasema, "Basi msichelewe. Injini ya kuokoa haiwashwi siku ya ajali."

Nasi tumekuja kwenu ili tusichelewe. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni lini mlikwama safarini, na ni nani aliyewasaidia? Msaada huo ulikuwa umeandaliwa, au ulitokea kwa bahati?

2. Katika jumuiya yenu kuna wazee wangapi wenye ujuzi ambao hakuna anayewauliza? Mtawatembelea lini, na mtawauliza nini?

3. Mnafahamu nini juu ya biashara ya chuma chakavu mtaani kwenu? Ni nani atakayezungumza na wafanyabiashara hao?

4. Andikeni pamoja swali moja tu ambalo mngependa kuwauliza wasimamizi wa usafiri. Mleteni katibu wa kamati ya parokia kabla ya mkutano ujao.